Ndama wa Nyasi

Kila ikifika Siku ya Mama, simu yangu hujaa wanyama. Tembo anamvusha mwanawe mtoni. Duma anawalamba watoto wake masikio. Kuku ametandaza mbawa, mvua inamnyeshea yeye, vifaranga wanachungulia kifuani wakiwa wakavu. Wanaotuma ni wenzangu wa kikundi cha mafundi cherehani hapa Bariadi mjini, wanawake wazuri tu, na chini ya kila video wanaandika maneno yale yale, kwamba oneni jamani, hata mnyama hamwachi mwanawe. Mimi huweka alama ya dole gumba ili nisionekane nina roho mbaya, kisha narudi kwenye cherehani.

Roho mbaya ninayo kidogo, lakini si hapo. Shida yangu ni kwamba nimekulia Sapiwi, kwenye boma la ng'ombe, mbuzi na kuku, na ninajua kwamba mnyama anamwacha mwanawe vizuri tu akiona haja. Tulikuwa na mbuzi aliyezaa mapacha akampokea mmoja. Yule wa pili kila akisogelea kiwele alipigwa kichwa mpaka akabiringika, na mama aliishia kumnywesha kwa chupa ya soda. Mbwa wetu jike alimla mtoto wake aliyezaliwa dhaifu. Tulipotaka kumchapa, mama alitufukuza sisi, akampelekea maji kwenye sufuria kuukuu na kutuambia tusimwingilie mzazi kwenye mambo yake.

Sisemi kwamba hawapendi. Nimemwona kuku akimrukia mwewe usoni, kuku yule yule ambaye jana yake alikuwa akikimbizwa na jogoo uwanja mzima. Nimemwona ng'ombe akila kondo lake lote, jambo la kutia kichefuchefu ukilitazama, ili fisi asije akapata harufu ya uzazi. Wanapenda, na kupenda kwao kuna kazi nyingi. Kuna kuficha, kuna kudanganya, na wakati mwingine kuna kupiga. Hayo hayamo kwenye video. Mimi niliyajua kwa ng'ombe mmoja, mwaka ambao nilitoka hospitali mikono mitupu.

Ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Mume wangu ni dereva wa lori na siku hizo alikuwa njiani na mzigo, kwa hiyo aliyekaa nami ni mama, aliyekuja kutoka Sapiwi na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Uchungu ulikuja ukakaa. Mtoto hakutoka. Mwishowe nikapelekwa kwenye chumba cha upasuaji, nikachomwa sindano, nikapotea.

Nilipozinduka mama hakuwepo. Muuguzi aliyekuwa akinipima presha aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto hakuwa riziki, kwamba mama yangu ameshaondoka naye kwenda nyumbani, na kwamba nisilie kwa nguvu nitafumua mshono. Nikamuuliza alikuwa mtoto gani. Akasema yeye ameingia zamu sasa hivi, aliyekuwepo ameshatoka, ningoje mama arudi.

Mama alirudi na uji kwenye chupa ya chai. Nilimuuliza kabla hajakaa.

"Kunywa uji, mayu," alisema. Kwetu mzazi humwita bintiye hivyo, mayu, yaani mama, na binti naye humwita mzazi wake vivyo hivyo.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Kunywa uji. Ukipoa hautanyweka."

Ningeweza kumuuliza daktari alipopita. Ningeweza kumwomba mume wangu aniulizie. Sikutaka. Nilitaka niambiwe na mama, aliyemshika. Nilitaka kujua alikuwa nani, alifanana na nani, na amelazwa wapi. Hayo tu, na sikuona kama nilikuwa naomba makubwa.

Lakini kwa watu wa kwetu, walau wale wa umri wa mama, mtoto aliyekufa kabla ya kulia hana matanga. Huchukuliwa na wanawake wawili watatu waliokwisha kukoma kuzaa, wakamlaza mahali wanapopajua wao, na aliyemzaa hapelekwi wala haonyeshwi. Wanaume hawaulizi. Kila mtu hurudi kwenye kazi yake siku hiyo hiyo. Mlinzi mkuu wa mambo haya kwetu ni sengi, shangazi yangu, dada yake baba. Yeye anaamini kwamba mwanamke akionyeshwa kaburi la mtoto wa namna hiyo, kizazi chake hugeukia nyuma na hakishiki tena. Ndiye aliyekwenda na mama kuzika, na alipokuja kuniona alinitazama machoni kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa.

Nilipotolewa hospitali mama alinipeleka Sapiwi nikapate nguvu. Majirani walipita kunisalimia.

"Mwangaluka, mayu. Pole na homa."

Homa. Wote walikuwa wamekubaliana bila kikao kwamba nilikuwa na homa. Nina tumbo lililoshonwa, nina kifua kinachovuja, na mimi naitikia, nimeshapoa, asanteni. Kwa maana maziwa yalikuja. Mwili haukuwa umeambiwa. Mama alinifunga kifua kwa kanga akaikaza mpaka nikashindwa kuvuta pumzi vizuri, na jioni ndama walipoanza kulia zizini wakiwaita mama zao wanaorudi malishoni, kanga ililowa yote. Niliwachukia wale ndama. Nilikuwa nakaa mlangoni kwenye kigoda, nawachukia mmoja mmoja.

Mume wangu alifika na mikate na soda, akakaa karibu nami akiwa ameshika kofia yake, akasema Mungu atatupa mwingine. Nilimwambia arudi kazini. Hakuwa na kosa lolote, maskini, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini sikuwa na nafasi ya huzuni ya mtu mwingine. Naye hakuuliza mtoto amelazwa wapi. Alikuwa mwanamume wa kwetu, alijua haulizi.

Mama, kwa upande wake, alinilinda kwa namna ambayo siku hizo niliiona kama ukorofi. Jirani yeyote aliyekuja na mtoto mgongoni alimkuta mama ameshasimama langoni. Alimwambia nimelala. Mara nyingine nilikuwa nimekaa palepale mlangoni, tunatazamana na huyo jirani, na mama anasema bila haya kwamba nimelala, arudi siku nyingine. Mama yangu, ambaye hajawahi kumrudisha mgeni bila hata maji ya kunywa. Asubuhi alinikanda kwa maji ya moto, mchana alinipikia mlenda na samaki, jioni alinifungua kanga na kunifunga nyingine kavu. Alifanya kila kitu isipokuwa kunijibu.

Ndipo ng'ombe wake akazaa. Alikuwa mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mkali kwa wageni, na alikuwa mali ya mama mwenyewe. Jioni hiyo hakurudi na wenzake. Kulipokucha baba alimkuta analisha karibu na ua wa minyaa, tumbo limeshuka, nyuma ana damu iliyokauka, ndama hayupo. Baba akazunguka akitafuta. Ng'ombe aliendelea kula majani upande wa pili kama hana habari.

Mimi nilikuwa pale pale kwenye kigoda changu, nikaona alichokuwa akifanya. Kila baba aliposogelea sehemu moja ya minyaa, palipo na uwazi kwa chini, ng'ombe aliacha kutafuna. Taya zilisimama tu. Baba akipita, zinaanza tena. Ndama alikuwa hapo. Nilijua, na sikusema. Baba aliponiuliza kama nimeona chochote nilimwambia sijaona. Alipochoka akaenda zake, ng'ombe alisubiri kidogo, akageuza shingo huku na huku, akarudi kwenye uwazi ule na kuingiza kichwa. Nikasikia sauti ile ya chini ambayo ng'ombe huitoa kwa mtoto mchanga tu, inayopitia puani mdomo ukiwa umefumba.

Nililia siku ile, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Mama alinikuta akadhani ni mshono.

Ndama alikuwa dume, mweusi kama mama yake. Alipohamishiwa zizini, mama yake alimsimamia kama askari. Mbwa, ambaye siku zote alilala katikati ya ng'ombe bila kusumbuliwa, alirushwa kwa pembe akaenda kuangukia kwenye miiba. Baba mwenyewe, aliyemlea tangu akiwa mtamba, alipigwa teke na kibuyu cha kukamulia kikapasuka. Baba hakukasirika. Alichota vipande vya kibuyu akasema huyu ana akili.

Kisha ndama akapata ndigana. Tezi za chini ya masikio zilivimba, pumzi ikawa ya kukoroma, akaacha kunyonya. Baba alikwenda Bariadi kwenye duka la dawa za mifugo akarudi na sindano, lakini alikuwa amechelewa. Tulipoamka ndama alikuwa amelala ubavu, amenyoosha miguu, na mama yake anamlamba. Alimlamba uso, akamlamba tumbo, akamsukuma kwa pua ili asimame, akamlamba tena. Sengi alikuwa amefika asubuhi hiyo kuazima ungo. Akasema mzoga uondolewe haraka kabla nzi hawajajaa.

"Mwacheni," baba akasema. "Mwacheni amnuse ashibe kwanza. Ukimwondolea mapema atamtafuta mpaka akauke."

Alisema kama anavyosema mambo yote ya ng'ombe, bila kumlenga mtu. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya zizi. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamisha uso, halafu akageuka kwenda jikoni, na sengi akamfuata.

Nitasema wazi: nilimwonea wivu ng'ombe. Alimnusa mwanawe kila mahali alipotaka, na hakuna aliyemwambia atafumua mshono. Hakuna aliyempa pole ya homa. Jua lilikuwa limepanda sana ndipo alipomwacha kwa hiari yake akaenda kunywa maji, na hapo tu baba akachukua kisu.

Kwetu ndama akifa hachunwi kwa ajili ya nyama. Ng'ombe wa kienyeji hashushi maziwa bila kumwona mwanawe, kwa hiyo ndama akiondoka na maziwa yameondoka, isipokuwa mkimpa kitu cha kusimama mahali pake. Baba aliianika ngozi juani, akaipaka chumvi, akaishona tumboni kwa kamba ya katani na kuijaza nyasi kavu. Miguu aliikata. Kichwa kilibaki bapa. Alipomaliza, ilikuwa kazi ya kusikitisha, mto wa kulalia uliovishwa masikio.

Asubuhi aliuweka mbele ya ng'ombe, akachuchumaa pembeni na kibuyu kipya. Ng'ombe alinusa. Akarudi nyuma. Akanusa tena, safari hii kwa muda mrefu, kuanzia masikioni hadi mkiani. Kisha akaanza kuilamba ile chumvi, mgongoni, shingoni, polepole, na nikasikia maziwa yakigonga ndani ya kibuyu.

Maziwa yale nililetewa mimi. Mama alikuwa ameamua kwamba nitapona kwa maziwa ya ng'ombe wake, ya moto, kikombe cha bati kimejaa mpaka ukingoni. Nilikishika nikashindwa kunywa.

"Mnamdanganya," nilimwambia.

Mama alikuwa anapepeta choroko. "Nani?"

"Ng'ombe. Mnamwekea nyasi mnamwambia ni mwanawe."

"Hajadanganywa," mama akasema. "Unafikiri hana pua? Alimnusa mwenyewe, akajua amekufa. Na hizo anajua ni nyasi."

"Sasa mbona analamba?"

Mama akapuliza makapi. "Anataka mahali pa kuweka ulimi, mayu. Basi. Akichoka ataacha mwenyewe."

"Na mimi?"

Aliendelea kupuliza ungo ambao haukuwa na makapi tena. Nilingoja, na alijua kwamba nangoja. Nikanywa maziwa yote kwa hasira, nikaweka kikombe chini kwa kishindo, na hatukusemezana mpaka jioni.

Mvua za kwanza zilipokaribia, baba aliamua kuongeza shamba la pamba. Nyuma ya nyumba, shamba lilipoishia, palikuwa na kipande cha nyasi ndefu na vichaka ambacho hakikuwahi kulimwa. Alitaka kukilima chote. Mama akakataa. Nilishangaa, maana mambo ya shamba wao huwa hawabishani. Alisema nyasi za kuezekea banda la kuku zitaisha. Baba akasema tutaweka bati. Mama akasema pale pana nyoka. Baba akacheka, akasema ndiyo maana palimwe. Mama akasema basi walau asubiri, baba akauliza asubiri nini, na mama akaingia jikoni. Niliona kwamba amezeeka ghafla na kuwa mbishi. Nilikuwa bado nimemnunia, kwa hiyo sikumsaidia.

Siku ya gulio mama aliondoka mapema na sengi. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi ni laini, baba akaona asipoteze nafasi. Akafunga maksai kwenye plau akalima kile kipande. Aling'oa vichaka, akakusanya mawe na kuyatupa pembezoni. Mama aliporudi alikuta udongo mweusi umegeuzwa kutoka mwisho hadi mwisho. Alisimama na mzigo wake kichwani. Baba akamwambia, umeona, hakuna hata nyoka mmoja. Mama akaingia ndani akalala bila kupika, akasema kichwa kinamuuma.

Mvua hizo ndizo zilizoiharibu ngozi ya ndama. Nyasi za ndani zilivunda, ikaanza kunuka, kisha mbwa wakaiburuta na kuichanachana. Ng'ombe alikuta vipande karibu na lango asubuhi akitoka. Alinusa kimoja, akanusa kingine, akapita juu yake na kuwafuata wenzake. Jioni alirudi katikati ya kundi na hakuita. Baba alijaribu kumkamua akaambulia matone, akasema huyu sasa amemaliza. Mama alikuwa karibu, akasikia. Alimkuna ng'ombe kwenye lile baka jeupe kwa muda mrefu, naye akatulia.

Mimi sikuwa nimemaliza. Mshono ulikuwa umepona na kifua kimekauka. Mume wangu alipiga simu akiuliza nitarudi lini mjini, nami nikawa namjibu bado. Sikuweza kuondoka bila kuambiwa. Nilikuwa nimeanza kutembea peke yangu kuzunguka boma nikitazama chini, kwenye mashina ya miti, nyuma ya jiko, kando ya minyaa, nikitafuta udongo uliowahi kufukuliwa. Nikiona kifusi cha mchwa moyo ulinipasuka. Naamini mama aliniona, kwa sababu siku hizo alikuwa akiniita ndani kila mara kwa vijikazi visivyo na maana.

Pamba ikaota. Wakati wa palizi nilichukua jembe nikamwambia mama nina nguvu sasa, nitamsaidia. Akakubali, akasema nianzie juu. Nilianzia juu. Nilikwenda na mstari wangu bila kuinua uso, nikavuka kwenye kile kipande kipya bila kufikiri, kwa kuwa huko ndiko magugu yalikokuwa mengi. Nikainua jembe.

"Usilime hapo."

Niligeuka. Mama alikuwa mistari michache nyuma yangu, jembe lake limeanguka.

"Kwa nini?"

"Usilime hapo, ng'wana wane," alisema. Mwanangu. Akakaa chini kwenye tope na kitenge chake safi.

Nikajua. Jembe lilikuwa bado juu. Nililishusha polepole na kuliweka kando, kisha nikaogopa hata kusogeza miguu.

Mama alisimulia akiwa amekaa vile vile, mikono yake iking'oa magugu yaliyokuwa karibu naye. Alikuwa wa kiume. Alikuwa mkubwa, ndiyo maana alikwama. Alikuwa na nywele nyingi na masikio yaliyosimama kama ya baba. Muuguzi alimkabidhi akiwa amefungwa shuka, mama akatoka naye nje akasimama juani asijue la kufanya. Alijua kwamba bodaboda akimwona na maiti atakataa, au atamtaka ajieleze, na yeye hakutaka kujieleza. Kwa hiyo alikwenda nyuma ya ukuta, akamfuta uso, akamvisha kofia ya uzi niliyoifuma mwenyewe, akambeba mgongoni kwa kanga yangu na kufunga fundo kifuani. Kisha akatoka barabarani akaita pikipiki.

"Dereva akaniambia, bibi, mfunike mjukuu, njiani kuna vumbi," mama alisema. "Nikamfunika. Kwenye mashimo alikuwa anapunguza mwendo. Anasema hataki kumwamsha."

Aling'oa gugu jingine.

"Nikamwambia asante. Njia nzima nikawa nambembeleza, nampigapiga hivi, mkono nyuma. Nilijua amekufa, mayu. Lakini mkono ulikuwa unakwenda wenyewe."

"Alikuwa mzito?"

"Mzito. Nilifika mgongo unauma."

Yeye na sengi walimlaza kwenye zile nyasi ndefu, mahali ambapo hakuna apitaye. Mama aliweka jiwe. Sengi alimkataza kuniambia, kwa ajili ya kizazi changu, naye akaitikia kwa mdomo tu. Moyoni alikuwa amepanga kwamba nikipata nguvu atanipeleka kwenye jiwe hata sengi akinuna. Ndipo baba akalima. Hakuwa amemwambia baba kwa sababu mambo hayo hawaambiwi wanaume, na alidhani ubishi wake peke yake ungetosha kumzuia.

"Nililitafuta jiwe," alisema. "Mawe yote ameyarundika kule. Nimeyageuza moja moja. Yanafanana."

Alinyoosha mkono, akaupitisha juu ya miche ya pamba kutoka kwenye kichuguu kimoja cha pembeni hadi kwenye rundo la mawe. "Ni kuanzia pale mpaka kule. Zaidi ya hapo sijui. Ndiyo maana nimenyamaza. Ningekupeleka wapi?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia baba na plau yake, nilimkasirikia sengi na vizazi vyake vinavyogeuka, na kuliko wote nilimkasirikia mama, aliyenilinda mpaka hakikubaki kitu cha kunionyesha. Nilitaka kumwambia maneno mabaya na nilikuwa nayo tayari mdomoni. Halafu nikaiona mikono yake, inang'oa kila kilichokuwa mbele yake, magugu na pamba kwa pamoja, na hajui.

Baba hajaambiwa hadi leo. Kila msimu wa mavuno hujisifu kwamba kipande kile alichokiongeza ndicho kinachozaa kuliko shamba lote, na mama hunyanyuka akaenda kutazama moto jikoni. Sengi alihisi kwamba sharti limevunjwa, na kwa kuwa sijapata mtoto mwingine, anaona ameshinda. Simbishii. Sina la kumwonyesha.

Siku ile hatukumaliza palizi. Nilimsaidia mama kusimama, nikamkung'uta tope kwenye kitenge. Nilikuwa nataka kulala kifudifudi juu ya mwanangu, na hapakuwa na pa kulala. Ningelala kwenye mstari gani? Nikamwambia mama ageuke.

"Nigeuke nini?"

"Nipe mgongo, mayu."

Akageuka, akidhani bado namkung'uta. Nikamuuliza mtoto alikuwa amelala hapa mgongoni, au huku juu. Akapeleka mkono nyuma, akagusa chini ya bega na kusema kichwa kilikuwa hapa, upande wa kushoto. Nikaweka shavu pale. Gauni lilikuwa na joto la jua, linanuka moshi na jasho. Mama aliinama mbele kama anayebeba, mkono wake ukabaki huko nyuma, na baada ya muda ukaanza kunipigapiga.